Pasaka Nyumbani Goma: Bustani ya Kaburi na Kazi Nyingine za Mikono kwa Watoto Wadogo

Wiki mbili kabla ya Pasaka, mawe huanza kuingia nyumbani kwetu. Mtoto akitoka kucheza, mfuko wa kaptula umening'inia. Akitumwa maji, anarudi na kidumu mkono mmoja na jiwe mkono wa pili. Ni yale mawe meusi yaliyojaa katika kila kiwanja hapa Goma, mepesi, yenye vitundu kama mkate, yanayokwaruza ngozi ukiyashika vibaya. Kiwanja chetu kiko juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002, na hata shimo la kupanda kitunguu hatulichimbi bila kukutana nayo. Majirani huyajengea uzio. Sisi tunayajengea kaburi la Yesu.

Mwongozo huu ni kwa mzazi mwenye watoto wa miaka mitatu hadi minane, anayetaka Juma Kuu liishi nyumbani na si kanisani tu. Kila siku ina kazi yake ndogo ya mikono, na karibu vifaa vyote vinapatikana uani, jikoni au kwa fundi wa kushona. Tangu mwanzo wa 2025, benki zilipofungwa mjini na pesa taslimu kuwa adimu, nyumba nyingi haziwezi kutoa hata franka za kununulia karatasi za rangi, na hakuna ulazima.

Nimefundisha watoto wa shule ya Jumapili kwa miaka kadhaa, na kanuni ninayoishika kuliko zote ni hii: mkono usiitangulie hadithi. Kazi ya Ijumaa ifanywe Ijumaa, ya Jumapili ingojee Jumapili. Tumezoea kuwapa watoto Pasaka yote kwa mkupuo mmoja, msalaba na kaburi tupu kwenye karatasi moja, kisha wapake rangi na kwenda nyumbani. Mtoto hapati nafasi ya kungoja, na asiyengoja hawezi kushangaa jiwe likiondolewa.

Kwanza, hesabu siku

Pasaka huhama kila mwaka. Ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hiyo haiwezi kutangulia 22 Machi wala kupita 25 Aprili. Mwaka 2027 ni tarehe 28 Machi, na mwaka 2028 ni tarehe 16 Aprili. Andika tarehe hiyo ukutani, kisha rudi nyuma siku kumi na mbili. Hapo ndipo unapoanza, kwa sababu bustani ya kaburi ina mbegu, na mbegu haziharakishwi. Goma iko juu, karibu mita 1,500, na baridi ya Machi na Aprili huchelewesha kuota. Mwaka wa kwanza nilipanda Jumapili ya Matawi, na Pasaka ilipofika tulikuwa na udongo mtupu wenye vichwa vyeupe vitatu vinne. Watoto walivumilia, lakini mimi niliona uchungu.

Vifaa na gundi

Kusanya mabaki ya vitenge (fundi wa kushona atakupa mfuko mzima ukimwomba kwa upole), maboksi ya karatasi ngumu, kaye (madaftari) za shule zilizoisha, kopo moja la maziwa ya unga la gramu 400, kamba za migomba, vijiti, na kipande cha kitambaa cheupe. Makasi moja yatosha, na yakae kwa mtu mzima.

Gundi usinunue. Chukua vijiko viwili vikubwa vya unga wa muhogo, uukoroge katika nusu kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Mimina nusu kikombe cha maji yanayochemka huku unakoroga, kisha weka sufuria juu ya mbabula (jiko la makaa) wenye makala machache na uendelee kukoroga mpaka uji ugeuke kutoka mweupe kuwa kama kioo. Epua na uache upoe. Inashika karatasi na kitenge vizuri sana, na mtoto akiilamba haidhuru. Hukaa siku mbili, baada ya hapo huanza kunuka, kwa hiyo pika kidogo kidogo.

Bustani ya kaburi, siku kumi na mbili kabla

Hii ndiyo kazi kubwa ya mwongozo huu. Ukishindwa mengine yote, fanya hii.

1. Tafuta chombo kipana chenye kina cha kiganja hivi. Beseni lililopasuka ni zuri kuliko zima, kwa sababu maji yatapata pa kutokea. Kama halijapasuka, toboa matundu matano chini kwa msumari uliopashwa moto. Kazi hiyo ni ya mtu mzima.

2. Tandaza changarawe nyeusi ya lava chini, unene wa vidole viwili. Maji ya ziada yatapita humo, mbegu zisioze.

3. Laza kopo la maziwa kwa ubavu upande mmoja wa beseni, mdomo ukitazama mbele. Kabla ya hapo pigapiga ukingo wa mdomo kwa jiwe mpaka uwe laini, maana bati la kopo hukata vidole. Hili ndilo pango. Mathayo anasema Yusufu wa Arimathaya alikuwa amelichonga kaburi lake jipya mwambani, kwa hiyo waambie watoto kuwa kaburi hili halikuwa shimo la kuchimbwa chini kama wanavyoona makaburini kwetu. Lilikuwa chumba ndani ya mwamba, mtu anainama na kuingia.

4. Changanya udongo na maji kidogo, ufunike kopo juu na pembeni, kisha watoto wabandike mawe meusi juu ya matope hayo mpaka bati lisionekane. Hapa waache. Mtoto wa miaka minne atabandika mawe yote mahali pamoja, na kilima kitainama upande. Kiache kiiname.

5. Jaza sehemu iliyobaki kwa udongo mzuri, wa kutoka chini ya migomba kama unao. Acha njia nyembamba kutoka ukingo wa beseni hadi mlangoni pa kaburi, uitandaze changarawe.

6. Mbegu: ulezi au mtama. Hakikisha ni nafaka nzima isiyokaangwa. Ile iliyokaangwa kwa ajili ya uji haitaota hata ungoje mwezi. Iloweke usiku mmoja, imwage juu ya udongo kwa wingi kama chumvi kwenye samaki, kisha nyunyiza udongo mwembamba juu yake.

7. Mwagilia kila asubuhi kwa chupa iliyotobolewa kifuniko matundu madogo. Kila mtoto apewe siku yake, la sivyo watamwagilia mara nne kwa siku.

Weka beseni barazani chini ya bati. Mvua ya masika hapa inanyesha kwa nguvu, itazisomba mbegu zote. Na usiliache chini kama una kuku.

Limebaki jiwe la mlango. Lava ya uani haifai, ina kona na haibingiriki. Tulishuka ziwani kulitafuta, mahali ambapo maji ya Kivu yameyalamba mawe miaka mingi mpaka yakawa mviringo. Kitinda mimba wangu alijaribu mawe kumi na moja, moja moja, akiyabingirisha juu ya mchanga na kuyatazama yanavyosimama. Lile alilolichagua lilikuwa zito kiasi kwamba alilibeba kwa mikono miwili kifuani njia nzima ya kupanda nyumbani, akikataa kusaidiwa. Tunalo mpaka leo. Likusudie liwe zito kidogo kwa mtoto. Wanawake waliokwenda kaburini asubuhi ile walijiuliza njiani nani atawabingirishia jiwe, na mtoto aliyewahi kulibeba anaelewa swali hilo papo hapo.

Kama una mtoto wa chini ya miaka mitatu, usimwache peke yake na nafaka wala kokoto. Atazitia mdomoni au puani.

Jumapili ya Matawi

Watoto wakirudi kutoka kanisani na matawi ya mchikichi, usiyaache yakauke nyuma ya mlango. Siku hiyo hiyo, yakiwa bado laini, fanya msalaba.

Ng'oa jani moja refu na utoe ule uti mgumu wa katikati ili ubaki na utepe wa upana wa kidole cha mtoto. Kunja utepe mrefu mara mbili mpaka upate kijiti bapa cha urefu wa shubiri moja. Huo ndio mti wa wima. Utepe mwingine ukunjwe uwe nusu ya huo. Huo ndio wa kulala. Uweke juu ya wa wima, karibu theluthi moja kutoka juu. Kisha chana uzi mwembamba wa jani na ufunge kwa kupitisha kutoka bega la kulia kwenda kiuno cha kushoto, halafu bega la kushoto kwenda kiuno cha kulia, mara tatu kila upande, mpaka mbele pawe na alama kama ya kuzidisha. Fundo lifungwe nyuma. Mtoto wa miaka sita anaweza kufunga, wa miaka mitatu anashika mti usicheze. Mahali pasipo mchikichi, jani la mgomba linafaa siku hiyo moja, ila likikauka hupasuka. Wakatoliki hutunza misalaba hii mpaka mwaka unaofuata, kisha huirudisha parokiani ikachomwe kwa ajili ya Jumatano ya Majivu.

Kuhusu punda. Watoto wengi wa Goma hawajawahi kumwona. Nilipoeleza kwamba Yesu aliingia Yerusalemu juu ya mwanapunda, mmoja aliuliza punda ni wa nini. Nikasema ni mnyama wa kubeba mizigo, magunia, kuni, maji. Akafikiri kidogo, akasema: "Kama chukudu." Chukudu ni kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili, cha kusukuma mizigo. Sijapata maelezo bora zaidi tangu siku hiyo. Mfalme hakuja kwa gari la vioo vyeusi, alikuja juu ya kile kinachobeba viazi na makala. Tulikata punda wa boksi na kumpitisha kwenye ile njia ya changarawe, huku mashati ya vitenge vidogo yametandazwa mbele yake. Ulezi kwa kawaida ndiyo huanza kuchungulia juma hili, na watoto watauona wakati wanampitisha.

Jumatatu hadi Jumatano tunaacha. Bustani imwagiliwe, basi.

Alhamisi Kuu: beseni na mkate

Kazi ya kwanza haina gundi wala makasi. Maji ya uvuguvugu, beseni safi, taulo, na Yohana sura ya 13. Baba na mama ndio wanaoosha. Katika desturi zetu mtoto kumnawisha mkubwa mikono ni jambo la kila siku, halimshangazi mtu. Kinachoshangaza ni kinyume chake. Mwaka jana mume wangu alipomaliza miguu ya watoto, alimgeukia dada anayetusaidia kazi nyumbani na kumwomba akae. Yeye alirudi nyuma mpaka ukutani akisema, "Hapana, papa." Watoto walitulia wote. Ndipo nikawasomea jinsi Petro alivyokataa. Sikuhitaji kueleza zaidi.

Kisha mkate usiotiwa chachu. Vikombe viwili vya unga wa ngano, robo tatu ya kikombe cha maji ya uvuguvugu, vijiko viwili vya mafuta, chumvi kidogo. Kanda dakika tano, gawa madonge manane, kila mtoto asukume lake kwa chupa. Toboatoboa kwa uma, kausha kwenye kikaango kisicho na mafuta, dakika mbili kila upande mpaka madoa ya kahawia yatokee. Waambie watu wa Israeli walipotoka Misri usiku hawakuwa na muda wa kungoja unga uumuke. Na waambie wazi kwamba hiki ni chakula cha nyumbani cha kukumbuka, si Meza ya Bwana. Mtoto akianza kuigiza padri au mchungaji kwa mkate huo, mzuie kwa upole. Mambo hayo mawili yasichanganyike kichwani mwake.

Ijumaa Kuu

Hapa nataka tutembee polepole. Watoto wa mji huu wamesikia risasi. Baadhi wamekimbia usiku wakiwa mgongoni, baadhi wana mtu waliyempoteza. Habari ya mtu asiye na hatia aliyekamatwa usiku na askari, akapigwa, akauawa mbele ya mama yake, haiingii masikioni mwao kama hadithi ya mbali. Usiwaonyeshe picha za damu. Usisimulie misumari kwa undani. Kwa mdogo inatosha kusema: walimwua Yesu msalabani, hakuwa amekosa lolote, alitupenda mpaka mwisho, na mama yake alikuwa amesimama pale. Kisha nyamaza, uone kama ana swali. Akianza kusimulia aliyoyaona yeye, acha kazi ya mikono kando na umsikilize mpaka amalize. Msalaba wa karatasi unaweza kungoja. Na mtoto asiyetaka kuisikia habari hii mwaka huu asilazimishwe. Mpe kumwagilia bustani.

Kwa wale walio tayari, kuna kazi mbili.

Wadogo watengeneze msalaba wa vitenge. Kata msalaba kwenye boksi, urefu wa mkono wa mtoto kutoka kiwiko hadi vidole. Yeye apake gundi ya muhogo kwa kidole na kubandika vipande vya vitenge mpaka boksi lote lifunike. Nyumbani kwetu kila kipande kina mwenyewe: hiki kilikuwa nguo ya bibi, hiki cha sare ya harusi ya mjomba, hiki cha mbeleko aliyobebewa yeye mwenyewe. Wanapobandika wanataja majina ya watu wa kuombewa, na ghafla kazi inakuwa sala bila mtu kuitangaza. Kiasi cha nusu saa kinatosha. Msalaba ukaushwe juani chini ya kitu kizito, la sivyo boksi hujikunja.

Wakubwa wafunge misalaba mitatu midogo ya vijiti vya mkaratusi kwa kamba ya mgomba iliyolowekwa. Ikikauka hukaza yenyewe. Isimikeni kwenye bustani, upande wa pili wa njia, mbali na kaburi. Bila misumari.

Jioni, kabla ya chakula, kuna maziko. Finyanga umbo dogo la mtu kwa udongo mbichi, lifungwe kwenye kitambaa cheupe, mtoto mmoja alilaze ndani ya kopo. Kipande kingine kidogo cha kitambaa kiwekwe kichwani peke yake, utakihitaji Jumapili. Kisha jiwe. Liachwe libingirishwe na yule aliyelibeba kutoka ziwani.

Jumamosi Kuu: siku ya kutofanya kitu

Funika bustani yote kwa kitenge cheusi na umwambie kila mtu asiifunue. Watakuuliza mara ishirini. Jibu ni moja: tunangoja. Wanafunzi nao walikaa siku hii nzima wakidhani mambo yamekwisha. Wazazi wengi hushindwa hapa, wanafunua kabla ya wakati ili watoto wasilie. Nakuomba uwaache waone urefu wa siku hii.

Jua likianza kushuka, kazi inarudi. Marko anasema sabato ilipokwisha, Maria Magdalene, Maria mama wa Yakobo, na Salome walinunua manukato. Nasi tunatengeneza vifuko. Katika kinu kidogo watoto watwange mchaichai mkavu, kipande cha mdalasini, karafuu mbili tatu kama zipo, na ganda la limau lililokaushwa. Kijiko kimoja kiwekwe katikati ya kipande cha kitambaa cha ukubwa wa kiganja, kona zikusanywe, zifungwe kwa uzi. Kila mtoto kifuko chake, na alale nacho chini ya mto. Nyumba nzima itanukia.

Usiku huo huo, chemsha mayai, na wakubwa wasaidie. Chukua maganda makavu ya vitunguu vyekundu kumi hivi, nusu lita ya maji na kijiko cha siki au maji ya limau. Chemsha dakika ishirini, acha rangi ipoe, ndipo utie mayai mabichi na kuyachemsha. Kwa mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi karibu 95 tu, kwa hiyo yai la kuiva vizuri lipe dakika kumi na mbili au kumi na tatu. Ukitaka picha, lowesha jani dogo la dhania au la karoti, libandike juu ya yai, ulifunge kwa kipande cha soksi nyembamba ya zamani kabla ya kulitia. Ukikifungua baadaye, umbo la jani litakuwa limebaki, kila mshipa wake. Yai jeupe hutoa rangi ya matofali, la kahawia hutoa nyekundu iliyokoza. Yai moja kwa kila mtoto linatosha. Wakristo wa Mashariki wamekuwa wakiyapaka mayai yao rangi nyekundu tangu zamani, na mahali pengi mayai yalikatazwa wakati wa Kwaresima, ndiyo maana yakawa chakula cha furaha siku mfungo ulipokwisha. Kwa watoto nasema tu: yai linaonekana kama jiwe, lakini limefungia uhai.

Mshumaa ukipenda: chora msalaba na tarakimu za mwaka kwa ncha ya msumari kwenye mshumaa mnene mweupe, kisha usugue unga wa makala juu ya michoro na ufute kwa kitambaa. Weusi utabaki kwenye mistari. Ndivyo mshumaa wa Pasaka wa kanisani unavyoandikwa mwaka, pamoja na herufi za Alfa na Omega. Uwake ndani ya kopo lenye mchanga, mbali na pazia, na mtu mzima asilale kabla haujazimwa. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, na moto hauchagui usiku mtakatifu.

Watoto wakishalala, kazi ya mwisho ni yako. Sogeza jiwe pembeni. Toa umbo la udongo, ulivunje na kulirudisha ardhini, lisionekane tena kamwe. Kitambaa cha mwili kiache ndani, na kile cha kichwani ukikunje ukiweke mahali pake peke yake, kama Yohana alivyoandika katika sura ya 20. Mwagilia majani, kisha rudisha kitenge juu.

Asubuhi ya Pasaka

Waamshe saa kumi na moja na nusu, kungali na giza. Wasivae bado nguo za kanisani. Kila mmoja achukue kifuko chake cha manukato na mtembee kimya kutoka chumbani hadi barazani, hata kama ni hatua kumi. Waulize njiani: nani atatubingirishia lile jiwe?

Kisha ondoa kitenge.

Mwaka jana kifungua mimba wangu, mwenye miaka minane, alijua mpango wote na alikuwa amekunja mikono kama mtu mzima. Mdogo wake ndiye aliyeinama, akaweka shavu kwenye changarawe na kuchungulia ndani ya kopo. Alikaa hivyo muda mrefu. Ulezi ulikuwa umefika urefu wa kidole, umelalia mawe meusi pande zote, na kila jani lilikuwa na tone la maji nchani. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Ameacha shuka lake." Yule mkubwa akapiga magoti naye achungulie.

Soma Mathayo 28 au Yohana 20, moja tu, isiwe ndefu. Taja kwamba wa kwanza kupewa habari walikuwa wanawake. Mtoto akiuliza yule mtu wa udongo amekwenda wapi, mpe jibu lile lile walilopewa wao: hayupo hapa, amefufuka. Vifuko vya manukato vibaki kaburini, havihitajiki tena. Halafu mayai: wawili wawili wagonganishe, mmoja akisema "Kristo amefufuka", mwingine akijibu "Amefufuka kweli kweli", na waliovunjiwa wale kwanza. Baada ya hapo ndipo maji ya kuoga, nguo mpya kama zipo, na kanisani.

Samaki 153

Pasaka haiishi Jumatatu. Kanisa huiadhimisha siku hamsini, mpaka Pentekoste, na kuna sura moja ambayo watoto wa Goma wanaielewa kuliko watoto wa miji mingi: Yohana 21. Wavuvi wamekesha usiku kucha ziwani bila kupata kitu. Asubuhi mtu amesimama ufukweni, anawaambia watupe nyavu upande wa kuume. Wanavuta samaki 153, na wakifika nchi kavu wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Watoto wetu wamezisikia nyimbo za wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, usiku, wameona mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja na yale mapondo marefu yaliyochomoza mbele na nyuma. Hawahitaji picha.

Kata kiolezo kimoja cha samaki kwenye boksi, urefu wa kidole cha kati. Kila jioni kuanzia siku ya Pasaka, watoto wakate samaki watatu kutoka kaye za zamani, waandike juu ya kila mmoja jambo moja jema la siku hiyo, na kuwatunga kwenye uzi ukutani. Watatu kwa siku hamsini ni 150, na siku ya Pentekoste waongezwe wengine watatu. Asiyejua kuandika achore. Uzi wetu hutoka mlangoni, huzunguka dirisha na kufika jikoni.

Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, nunua sambaza wabichi asubuhi pale Kituku, sokoni kando ya ziwa, washa mbabula nje, na mle mkiwa mmekaa chini, kwa ule mkate wa Alhamisi uliosukumwa upya. Bustani iwe katikati yenu. Ulezi sasa umeanza kuinama kwa urefu, na kaburi karibu halionekani kwa majani.